Bibi Apande Tembo!

Fumba macho kidogo. Usichungulie! Haya.

Sasa fikiria chumba chenye dirisha kubwa. Nje ya dirisha, ndege zimejipanga juani. Ndani ya chumba kuna ubao mweupe, mpana kama ukuta.

Na mbele ya ubao amesimama mtoto mwenye mfuko wa ubuyu. Vidole vyake vyekundu. Midomo yake myekundu. Hata ncha ya pua ni nyekundu!

Fumbua macho. Huyo ndiye Kidawa.

Mama yake Kidawa anafanya kazi kwenye shirika la ndege. Harushi ndege. Hauzi tiketi. Habebi mizigo.

Mama Kidawa anachagua. Ndege hii iende wapi? Na ile iende wapi?

Kwenye ubao wake kuna majina ya miji. Kuna pia ndege ndogondogo za sumaku. Ukiibandika moja, inanata. Ta!

Kuna Tembo. Tembo ni ndege kubwa kuliko zote. Akiwasha injini, vikombe vinatetemeka mezani. Ngurrruuuum!

Kuna Twiga. Twiga ni mwembamba na mrefu. Akiruka, anapiga mluzi. Fyuuuuu!

Na kuna Chiriku. Chiriku ni mdogo. Ana pangaboi moja puani na viti vichache tumboni. Akiruka, anasema: Prrr-prrr-prrr!

Kila asubuhi Mama husimama mbele ya ubao. Hujiuliza maswali matatu, kwa sauti, kama anaimba.

"Mbali au karibu?
Wengi au wachache?
Uwanja mrefu au mfupi?"

Kisha anabandika. Ta!

"China," alisema Mama asubuhi hiyo. "Ni mbali. Watu ni wengi, na mabegi yao usiseme! Uwanja ni mrefu. Tembo!" Ta!

"Mwanza. Si mbali sana, si karibu sana. Watu wa kutosha. Twiga!" Ta!

"Kilima Mbuzi. Karibu. Watu wachache. Uwanja mfupi. Chiriku!" Ta!

Kidawa akaacha kutafuna. "Mama. Kilima Mbuzi si kwa Bibi?"

"Ndiko."

"Na Bibi si anakuja leo?"

"Anakuja leo."

"Na Chiriku?"

"Na Chiriku."

"Chiriku yule yule?"

"Kwani tunao wangapi, Kidawa?"

Hebu nikwambie habari za Bibi. Bibi anakaa karibu na uwanja wa ndege wa Kilima Mbuzi. Uwanja huo una majani mafupi na mbuzi wengi. Mbuzi wanaupenda kupita kiasi.

Ndege ikikaribia, Bibi hutoka na sufuria yake na mwiko wake. Ko-ko-ko! "Mbuzi, tokeni! Ndege inatua!"

Mbuzi wanatoka. Ndege inatua. Wageni wanashuka. Ndege inaondoka. Ko-ko-ko! Kila siku ni hivyo.

Bibi amefukuza mbuzi tangu Mama akiwa mdogo. Ameona watu wengi wakipanda ndege. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda, hata siku moja. Leo ni zamu yake.

"Mama," alisema Kidawa, "Bibi ni mtu mkubwa."

"Mkubwa kweli."

"Mtu mkubwa tunampa kiti kikubwa."

"Tunampa."

"Na paja la kuku."

"Na paja la kuku."

"Basi apande Tembo!"

Mama akacheka. "Wewe kula ubuyu wako."

Kidawa hakuona cha kuchekesha.

"Hodi humu!" Mlango ukafunguka. Aliingia Kapteni Shemdoe, rubani wa Chiriku. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ubuyu. "Kidawa, rafiki yangu wa siku zote! Nionjeshe."

Akatia mkono mfukoni. Mkono ukatoka umejaa.

"Kapteni! Umechota!"

"Nimeonja tu," alisema Kapteni, mdomo umejaa. Akatoka mbio kabla Kidawa hajaudai ubuyu wake.

Sasa, sikiliza desturi ya pale. Mama akimaliza kubandika, anapiga kengele iliyo kando ya ubao. Ting-ting!

Kengele ikilia, ubao umesema. Ubao ukisema, kazi inaanza. Wabeba mizigo wanabeba. Marubani wanakwenda. Hakuna anayeuliza.

Lakini siku hiyo, kabla ya kupiga kengele, Mama alikumbuka chai yake.

"Nakuja sasa hivi," alisema. "Kidawa, usiguse kitu."

Mlango ukafungwa. Kidawa akautazama ubao. Akamtazama Tembo. Akamtazama Chiriku.

Akavuta kiti. Kwiiii! Akapanda juu yake.

Akambandua Tembo. Akambandika Kilima Mbuzi. Ta!

Akambandua Chiriku. Akambandika China. Ta!

Kisha Kidawa akaitazama kengele. Kengele nayo ikamtazama Kidawa.

Mama alisema, usiguse kitu. "Lakini kengele si kitu," alisema Kidawa. "Kengele ni kengele."

Ting-ting!

Lo!

Nje, Kaka Lugano alisikia. Kaka Lugano ndiye mkubwa wa wabeba mizigo. Alichungulia ubao kupitia dirisha.

"China, Chiriku?" Akakuna kichwa. Akatazama tena. "Haya, ubao umesema. Vijana, twende!"

Begi la kwanza likaingia kwa Chiriku. Shindilia!
Begi la pili likaingia. Shindilia!
Begi la tatu likaingia nusu. Shindilia, shindilia, shindilia!

Mkia wa Chiriku ukakaa chini. Pua yake ikatazama mawingu.

Wasafiri wa China wakaja kwa foleni ndefu, ndefu, ndefu.

"Ndege yetu iko wapi?" aliuliza mama mmoja mwenye kofia.

"Ile pale," alisema Kaka Lugano.

"Wapi? Naona kindege cha kuchezea watoto."

"Hicho hicho, mama."

"Kaka, hata kofia yangu haiingii humo!"

Na Tembo je? Tembo alipata abiria watano wa Kilima Mbuzi. Watano tu, ndani ya ndege nzima!

Mwalimu alilala kwenye viti vitatu. Muuguzi alilala kwenye vinne. Fundi cherehani alikwenda kukaa nyuma kabisa, akawapungia mkono wenzake.

"Jamani, mpo?" aliita.

"Tupo!" waliitikia kutoka mbali. "Leo tumehamia ikulu!"

Kidawa aliona yote kutoka dirishani. Akacheka kwi-kwi-kwi, mpaka ubuyu ukamwagika.

Mama akarudi na chai yake. Nyuma yake aliingia Kapteni Shemdoe, mbio mbio.

"Mama Kidawa, nimekukosea nini?" alilia Kapteni. "Umenituma China?"

"China gani?"

"China ya China! Na Chiriku! Mafuta yataniishia katikati ya bahari. Nami kuogelea sijui!"

Mama akageuka. Akautazama ubao. Chai ikamwagika kidogo.

Juu ya Tembo kulikuwa na alama za vidole. Nyekundu. Juu ya Chiriku pia. Nyekundu!

"Nani ameshika ubao wangu?" aliuliza Mama. Sauti yake ilikuwa ya chini. Ile ya chini kabisa. Unaijua.

Kidawa akaficha mikono mgongoni.

Lakini Kapteni Shemdoe hakuficha. Mikono yake ilikuwa mbele, na ilikuwa myekundu pyuu.

"Kapteni! Vidole hivyo!"

"Haki ya Mungu, si mimi!"

"Mtu mzima, na ndevu zako, unachezea ubao?"

"Mimi nilionja tu!"

Kidawa akabana kicheko. Mashavu yakamvimba kama chura.

Hapo simu ikalia. Mama akaipokea. Sauti ikajaa chumba kizima.

"Haloo! Nyinyi huko mmelala?" Alikuwa Bibi. "Mimi nimeshavaa kanga yangu mpya. Nimeketi hapa uwanjani na mbuzi wangu. Ndege iko wapi?"

"Mama, shikamoo. Inakuja."

"Marahaba. Inakuja lini? Mawingu yanajikusanya huku. Mvua ikinyesha, uwanja huu ni tope tupu. Hata mbuzi wanaanguka! Hakuna ndege itakayotua. Au leo si zamu yangu tena?"

"Ni zamu yako, Mama. Subiri kidogo."

Simu ikakatika. Mama akamgeukia Kapteni.

"Kapteni, keti. Wewe leo huruki. Anayechezea ubao simpi ndege."

"Lakini nani atamfuata Bibi?" aliuliza Kapteni.

"Hakuna," alisema Mama, na macho yake yalikuwa na huzuni. "Bibi atarudi nyumbani."

Kicheko cha Kidawa kikakwama kooni, kama kokwa la ubuyu.

Akilini akamwona Bibi, na kanga yake mpya, akirudi nyumbani na mbuzi. Akamwona Kapteni, ameinama kama mtoto aliyenyang'anywa mpira.

Kidawa akatoa mikono mgongoni. Polepole. Kidole kimoja. Kidole kingine. Vyote vyekundu.

"Mama," alisema. "Si Kapteni. Ni mimi."

Kapteni akainua kichwa.

"Nilitaka Bibi apande Tembo," alisema Kidawa. "Bibi ni mtu mkubwa. Chiriku ni mdogo. Nikaona ni kumvunjia heshima."

Mama akaweka kikombe chini. Akamtazama Kapteni. "Kapteni, nimekuonea. Nisamehe."

"Nimesamehe," alisema Kapteni. "Nikipata ubuyu kidogo, nitasahau kabisa."

Kisha Mama akamshika Kidawa mkono mwekundu, wakasimama pamoja mbele ya ubao.

"Umekiuka neno langu, na tutalizungumza nyumbani. Sasa hivi Bibi anasubiri. Niambie. Kilima Mbuzi. Mbali au karibu?"

"Karibu."

"Wengi au wachache?"

"Wachache."

"Wachache ndani ya Tembo. Sasa yai moja utalipika kwenye sufuria la harusi?"

Kidawa akatikisa kichwa.

"Uwanja mrefu au mfupi?"

"Mfupi," alisema Kidawa. "Huku mbuzi. Mbele shamba la mihogo. Halafu jiko la Bibi."

"Na Tembo akitua, anakimbia mbali sana ndipo asimame. Haya, mtue."

Kidawa akafumba macho. Akamwona Tembo anatua Kilima Mbuzi. Vuuuuuuu!

Tembo anawapita mbuzi. Hasimami!
Analipita shamba la mihogo. Hasimami!
Anakipita choo cha mwalimu. Hasimami!

Anasimama jikoni kwa Bibi, pua yake ndani ya sufuria la maharage.

"Hapana!" alipiga kelele Kidawa. "Maharage ya Bibi!"

"Basi nani anaweza kutua kwa Bibi?"

Kidawa akapanda kiti. Akambandua Chiriku kutoka China. Safari hii hakuwa na haraka. Akauliza kwa sauti, kama Mama.

"Mbali au karibu? Karibu.
Wengi au wachache? Wachache.
Uwanja mrefu au mfupi? Mfupi.
Chiriku!" Ta!

Na Tembo akarudi China. Ta!

"Piga kengele," alisema Mama.

Ting-ting!

Kidawa akatoka mbio hadi kwa Kaka Lugano. "Kaka Lugano, naomba radhi! Mabegi yarudi kwa Tembo!"

"Yote?"

"Yote."

Kaka Lugano akashika kiuno. "Kidawa wewe! Mgongo wangu utakuja kukudai."

Kisha akampa begi moja dogo. "Anza na hili."

Begi la tatu likatoka. Chomoa!
Begi la pili likatoka. Chomoa!
Begi la kwanza likatoka. Chomoa! Chiriku akashusha pua yake chini, akapumua.

Mwalimu alishuka kwa Tembo huku akipiga miayo. "Ikulu tumekaa kidogo sana," alisema.

Yule mama mwenye kofia akapanda kwa Tembo. Kofia iliingia bila shida. Ngurrruuuum! Tembo akaenda China.

Na Chiriku? Prrr-prrr-prrr! Akapaa juu ya paa, juu ya miti, mpaka akawa kama nukta.

Kidawa akakaa dirishani. Akasubiri.

Akasubiri tena. Ubuyu alikuwa nao, lakini hakuula.

Wingu jeusi likatokea upande wa Kilima Mbuzi. Likakua. Tone la mvua likaanguka kwenye kioo. Tii. Lingine. Tii-tii.

"Mama, je, amewahi?"

"Sijui, mwanangu. Tusikilize."

Wakasikiliza. Tii-tii. Tii-tii-tii.

Kisha, kutoka ndani ya wingu, mbali sana:

Prrr.

Prrr-prrr.

Prrr-prrr-prrr!

"Chiriku!" Kidawa akaruka, kiti kikaanguka.

Chiriku akatua. Akakimbia kidogo tu, akasimama. Mlango wake mdogo ukafunguka.

Kwanza ulitoka mwiko. Kisha sufuria. Kisha kanga mpya. Kisha Bibi mwenyewe!

Alipoondoka Kilima Mbuzi, Bibi alifukuza mbuzi kama kawaida. Ko-ko-ko! Kisha akapanda ndege mbio mbio, na kuisahau sufuria mkononi.

Sasa Bibi alisimama kwenye uwanja mkubwa. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Mkono ukashindwa kutulia.

Ko-ko-ko! "Mbuzi, tokeni!"

Kaka Lugano na vijana wake wote wakaruka pembeni!

"Shikamoo Bibi!" Kidawa akamkumbatia, pamoja na sufuria.

"Marahaba, mke mwenzangu! Mbona mwekundu hivi? Umepikwa?"

"Bibi, pole. Nilitaka upande Tembo. Chiriku ni mdogo."

"Mdogo?" Bibi akashangaa. "Huyu amenifuata mpaka mlangoni! Nimekaa nyuma ya rubani. Nimeona paa langu. Nimeona mbuzi wangu wote, wadogo kama maharage. Hata yule mkorofi aliyekula kanga yangu ya zamani, nimemwona! Huyo Tembo wako angenionyesha?"

Kapteni Shemdoe akashuka. Uso wake ulikuwa wa mashaka.

"Mama Kidawa," alisema, "abiria mmoja ameongezeka njiani."

"Ameongezekaje?"

Bibi akafunua kikapu chake kidogo. Ndani kulikuwa na kuku mweupe. Chini ya kuku kulikuwa na yai.

"Alishtuka tulipopita kwenye wingu," alisema Bibi. "Akataga."

"Kooo-ko-ko!" alisema kuku.

Mama akashika kichwa. Kisha akacheka mpaka akatoa machozi.

Jioni ilipofika, nyumbani kwa kina Kidawa, mvua ilinyesha taratibu juu ya bati. Mama akamtandikia Bibi kitanda kikubwa. Kidawa akasimama mlangoni. Alikuwa amenawa, lakini vidole bado vilikuwa vyekundu kidogo.

"Bibi," alisema, "kutoka hapa hadi chumbani kwangu. Mbali au karibu?"

"Karibu," alisema Bibi.

"Mimi na wewe. Wengi au wachache?"

"Wachache."

"Kitanda changu. Kirefu au kifupi?"

Bibi akapima kwa mwiko. "Kifupi. Lakini nikikunja miguu, natua."

Wakajibanza kwenye kitanda kidogo. Kanga moja iliwatosha wawili.

"Kesho tutalipika lile yai," alinong'ona Bibi.

"Kwenye sufuria la harusi?"

"Kwenye kikaango kidogo, mke mwenzangu. Lala."

Chini ya kitanda, kitu kikajikuna. "Ko-ko," kikasema polepole.

"Bibi! Umemwingiza kuku?"

"Sss. Mama yako asisikie."

Kwi-kwi-kwi, wakacheka ndani ya kanga. Kisha Bibi akakoroma. Prrr-prrr-prrr. Na Kidawa akalala.

Na wewe, mpenzi, vuta shuka lako. Fumba macho tena. Safari hii fumba kweli.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Siku ukijiona mdogo, mkumbuke Chiriku: Tembo alikwenda China, lakini aliyefika kwa Bibi ni Chiriku.